Siku Bi Mkubwa Alipompokea Mtu wa Bima kwa Kusimama

Wewe unayenisikiliza, tega sikio bila haraka. Jambo ninalotaka kukueleza si gumu. Watu hulikwepa kwa sababu linagusa mwili wa mzazi na gharama kwa pamoja, na sisi tumelelewa tusivitaje hivyo viwili kwa pumzi moja. Mimi nililielewa baada ya kuliharibu. Nitakueleza nilivyoliharibu, na ni nani walionisaidia kulitengeneza, kwa sababu mpaka leo nawaombea dua.

Ilikuwa Dubai, katika miaka ya elfu mbili na kumi. Nilitoka Mombasa kwenda kufanya kazi za nyumbani, na kafeel wangu wa kwanza, yaani mwajiri aliyenidhamini, alipohama nchi alikubali visa yangu ihamishiwe kwa familia ya Kizanzibari iliyokaa Mirdif. Walikuwa na mama mzee aliyepata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea, na kati ya lugha tatu alizokuwa akizungumza, moja tu ilibaki ulimini: Kiswahili cha Unguja. Mwanawe alishinda kazini Silicon Oasis. Mkewe alikuwa mwalimu, tena si Mswahili, hakujua hata kusema maji. Kwa hiyo walimtaka mtu wa kushinda na mama, anayejua kutunza na anayejua lugha yake. Nikawa mimi.

Yule mama nilimwita Bi Mkubwa. Mkwewe nilimwita madam na mwanawe nilimwita sir, kama desturi ya kazi kule, na Bi Mkubwa hakuacha kunicheka.

"Sir wa wapi? Huyu kazaliwa Ng'ambo, miguu mbele, kanitoa roho siku mbili. Mwite baba."

"Siwezi, Bi Mkubwa. Ndiye anayenilipa."

"Basi mwite baba anayekulipa. Khalas."

Kwanza nikueleze ile bima, maana ndiyo iliyotutia wote katika mtihani.

Kabla ya kuja Dubai, sir alikaa Marekani miaka mingi pamoja na mama yake. Wakati huo Bi Mkubwa alikuwa mzima, anapanda ngazi na mfuko wa mchele mkononi, na sir akamkatia bima ya matunzo ya muda mrefu. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama hicho. Nilipomuuliza, alikaa nami kwenye meza ya jikoni, faili limefunguliwa mbele yetu, akanieleza kama mtu anayemweleza dada yake.

"Bima ya hospitali," alisema, "inalipia kuponywa. Daktari, dawa, kitanda cha wodini. Ukitoka pale hujapona sawasawa, lakini hawana la kukufanyia zaidi, bima hiyo imemaliza kazi yake. Sasa nani atakuogesha? Nani atakutoa kitandani? Hayo hospitali haiyaiti matibabu. Bima hii ndiyo inayoyalipia."

"Inalipa tangu siku ya kwanza?"

"La. Siku tisini za mwanzo tunajilipia wenyewe. Na hailipi mpaka waridhike kwamba mama hajiwezi."

Kujiweza kwenyewe walikugawa mafungu sita, na naomba uyashike, kwa sababu bima nyingi za aina hii hutumia mafungu hayohayo au yanayofanana nayo. Kuoga. Kuvaa. Kula. Kwenda chooni. Kuzuia haja. Kutoka kitandani hadi kitini. Mtu akishindwa mawili kati ya hayo bila msaada, na daktari akathibitisha kwamba hali hiyo haiondoki karibuni, bima inaanza kulipa, kiasi maalumu kwa siku, mpaka ifikie kikomo kilichoandikwa. Bi Mkubwa alikuwa akishindwa matano. Kula peke yake ndiko alikokuweza, kwa mkono wa kushoto, na hata huko alinilaumu mimi mchuzi ukimmwagikia.

Nyumba ile ilikuwa na mimi mchana, nesi wa kukodi usiku, na mtu wa mazoezi mara tatu kwa wiki. Ukiongeza kodi ya villa na karo, sir alikuwa akienda kwa akiba, na akiba ilikuwa inakwisha. Alituambia wazi, mimi na madam, mama akiwa amelala chumba cha pili, au tulivyodhani amelala: bima isipolipa, itabidi Bi Mkubwa apelekwe Muscat kwa dada yake. Dada huyo alikuwa mkubwa kuliko yeye, anakaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti.

Asubuhi yake, nikimpangusa uso, Bi Mkubwa aliniambia, "Mwanangu, dada yangu nampenda. Lakini ukinipandisha ghorofa ile sishuki tena ila juu ya jeneza. Miye bado nataka kuona watu."

Nikamwambia hatakwenda popote. Nilisema kama mtu mwenye uwezo.

Siku ya mtu wa bima ikafika. Ilikuwa wamtume nesi wao, aje aone kwa macho yake na aulize maswali. Tangu alfajiri Bi Mkubwa hakunipa nafasi. Nimwogeshe, nimpake mafuta, nimvishe gauni la kijani na mtandio wake wa harusi ya mjukuu, nifukize udi sebuleni. Nilimkalisha kwenye kochi, mito imemshikilia pande zote. Kengele ilipolia, akaanza kujivuta kwa mkono wa kushoto.

"Bi Mkubwa, kaa."

"Mgeni hapokelewi kwa makalio. Nishike."

Nikamshika. Nilisimama nyuma yake, mkono wangu umepita chini ya mtandio na kumkamata kiunoni, uzito wake wote kifuani kwangu. Kwa mbele alionekana bibi mrefu aliyesimama wima, anatabasamu. Nesi, mwanamke wa Kihindi mwenye sauti ya upole, alivutiwa mno. Alipoinama kuvua viatu, nikamshusha Bi Mkubwa kwenye mito kabla magoti hayajaachia. Tuliifanya kazi ile vizuri sana. Hilo ndilo lililoniuma baadaye.

Madam alikuwa shuleni. Sir alikaa kando, faili mapajani. Nesi akanigeukia mimi, maana ndimi niliyeshinda na mgonjwa.

"Anaoga mwenyewe?"

Sasa fikiri nawe. Mimi ni mtoto wa Pwani. Kwetu ukiulizwa habari ya mgonjwa, jibu la kwanza ni hajambo, alhamdulillah, hata kama usiku kucha hamkulala. Mzee unamsitiri. Na uchi wa mama hautajwi mbele ya mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa ameketi hatua tatu kutoka nilipo.

"Anaoga, alhamdulillah," nikasema. "Namsaidia kidogo tu."

"Kuvaa?"

"Anapenda kuchagua nguo zake mwenyewe."

Ambalo lilikuwa kweli, ila silo nililoulizwa.

"Chooni?"

Nikamtazama sir. Sir alikuwa anatazama faili.

"Hakuna tabu," nikasema.

Nesi akaandika. Alikunywa kahawa yetu, akala kaimati mbili, Bi Mkubwa akamwombea dua ya safari, wakaagana kama ndugu.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Sir aliisoma jikoni, amesimama, kwa sauti ndogo. Madai hayakukubaliwa. Mgonjwa anahitaji msaada katika jambo moja tu, la kuoga, tena kidogo. Akaikunja barua, akaiweka chini ya bakuli la tende, akatoka. Hakunitazama. Jioni nilimsikia kwenye simu akiongea na Muscat.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na nilikuwa na kawaida ya kwenda Al Rigga kwa rafiki yangu, Mkenya kutoka bara, mlinzi katika duka kubwa la nguo pale. Tulikutana katika mkahawa wa chai ya maziwa, tukaagiza chapati. Nikamweleza yote. Aliacha kutafuna.

"Ngoja. Wewe ulimwambia anaoga mwenyewe?"

"Nilimsitiri."

"Ulidanganya, sister."

"Usiniite mwongo. Huyu ni mzee wa watu."

"Kwani duka ninalolinda si la watu pia? Sikiza. Mimi mlango ukivunjwa, polisi akikuja ananiuliza umeona nini. Nikimwambia 'alhamdulillah, hakuna tabu,' si atanifunga mimi?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Akanisogezea kikombe.

"Sisi tuko na kitabu," akaendelea. "Kitabu cha matukio. Kila kitu kinaandikwa na saa yake. Saa nne na robo, mteja ameanguka kwenye ngazi, ameinuliwa na watu wawili. Huandiki maskini, huandiki sijui Mungu amsaidie. Unaandika kilichotokea, unaweka sahihi. Mkubwa akitaka kubisha, abishane na kitabu. Wewe nunua kitabu."

"Niandike uchi wa mtu mzima?"

"Muulize mwenyewe. Ako na akili zake, ama?"

Nilinunua daftari la jalada gumu palepale barabarani. Lakini nilikaa nalo siku mbili mkobani, sijathubutu. Siku ya tatu, nikimsuka Bi Mkubwa nywele, yeye amenipa kisogo, nikapata nguvu. Kuna maneno ni rahisi kuyasema mtu asipokutazama. Nikamwambia bima imekataa kwa sababu yangu, na nikamwambia vipi.

Aliinamisha kichwa nimalizie mkia mmoja wa nywele.

"Kwa sababu yako peke yako? Nani alisimama?"

"Wewe, Bi Mkubwa."

"Nani alinishika?"

"Mimi."

"Basi tuligawana. Enhe, sasa?"

Nikamweleza habari ya daftari, kwamba nataka kuandika kila siku, kila jambo, na saa yake.

"Na chooni?"

"Na chooni."

"Mwanangu atasoma?"

"Nitamwomba madam ndiye asome na kupeleka. Sir nitamwomba asifungue."

Akavuta pumzi. "Miye huyo nimemwogesha mpaka kajua kujiosha, na sikuandika popote." Kisha bega lake la kushoto likatikisika, na nikaona anacheka. "Haya, andika. Lakini usiandike kama watu wa Mombasa, maneno mengi kama mnauza kitu. Andika lililokuwa. Na nililoweza uliandike pia. Sitaki wanione gunia."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifundisha kazi. Tangu siku hiyo kila ukurasa niliugawa mara mbili: upande mmoja msaada aliopewa, upande wa pili alichoweza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ameinuliwa kitandani, mikono miwili. Saa moja, ameogeshwa mwili wote, ameketi kwenye kiti cha bafuni. Saa moja na nusu, amevishwa. Ameingiza mkono wa kushoto mwenyewe. Saa nne, haja ndogo imempita kabla ya kufika chooni. Saa saba, amekula wali kwa mkono wake, amemaliza sahani. Nesi wa usiku naye akaandika zamu yake kwa Kiingereza chini ya yangu.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilikwenda kwa sir na madam, nikakiri. Nilisimama. Nilitegemea kuambiwa nifunge virago, na ningeona ni haki. Madam aliziba mdomo kwa kiganja. Sir alivua miwani.

"Mimi nilikuwa pale," alisema. "Nilikusikia ukijibu. Nilijua si kweli, nikanyamaza, kwa sababu nilitamani iwe kweli." Akavaa miwani tena. "Barua inasema tuna siku sitini za kukata rufaa. Yalla, tuanze."

Nimefanyia kazi watu wengi, na watu wengi wamenisamehe makosa. Aliyesamehe kwa kuchukua nusu ya kosa mwenyewe ni yeye tu na mama yake.

Tuliandika mwezi mzima. Daktari wa Bi Mkubwa akatoa barua, na madam akatafsiri daftari langu pamoja nami, ukurasa kwa ukurasa, usiku wake baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa shule. Ndivyo alivyojifunza Kiswahili: kuoga, kuvaa, kuinua. Bi Mkubwa alipomsikia mara ya kwanza akisema "Mama, umelala vizuri?" alinigeukia akasema, "Bima haijalipa bado na tayari nimepata faida."

Bima ikamtuma nesi yuleyule. Safari hii sir alibaki nje, ndani ya gari lake mbele ya nyumba. Bi Mkubwa alivaa nguo za kila siku na kukaa. Kengele ilipolia nikaona vidole vyake vya kushoto vinatafuta ukingo wa kochi. Kisha akaviacha mapajani.

"Mwambie," alisema nesi alipoingia, "leo sikusimama. Si dharau. Siku ile nilisimamishwa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Nesi akaja akachutama mbele yake ili macho yao yalingane, akasema nimwambie kwamba kwao Kerala bibi yake naye alifanya vivyo hivyo kila daktari alipokuja nyumbani, na kwamba ilimpasa yeye, nesi, kugundua siku ile. Kisha akamwomba avae sweta.

Hapo palikuwa pagumu kuliko yote. Bi Mkubwa aliingiza mkono wa kushoto. Akaitafuta nguo mgongoni, ikamkimbia. Akaivuta kwa meno. Mimi, ambaye kwa miezi nilikuwa nikimvisha kabla hajaomba, niliikalia mikono yangu, kweli niliikalia, viganja chini ya mapaja. Dakika zikapita. Sweta likaanguka. Nesi akaandika, akaniuliza maswali yaleyale sita, nami nikajibu yaliyokuwa: hapana, hapana, anakula mwenyewe, hapana. Kila nilipojibu nilimtazama Bi Mkubwa, naye akanipa ishara ya kidevu, endelea.

Jibu lilikuja kabla ya mwezi kwisha. Walikubali. Siku tisini za kungoja walizihesabu tangu alipotoka hospitali, kwa hiyo zilikuwa zimekwisha. Bima ikalipia nesi wa usiku na sehemu kubwa ya matunzo ya mchana, kwa miaka michache, kwa kuwa nje ya Marekani kikomo chake kilikuwa kifupi zaidi. Miaka michache ilitosha. Sir alipiga simu Muscat mbele ya mama yake, akaweka spika, na wale dada wawili wakalia na kucheka na kusengenya watu wa Unguja waliokufa zamani, saa nzima.

Bi Mkubwa alikaa Mirdif, chumbani kwake, dirisha lake likitazama mtaa anakoona watu, mpaka siku zake zilipotimia. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Nashukuru kwamba alinipa ruhusa ya kusema kweli juu yake, maana ni zawadi ambayo wazee wetu wengi hufa nayo bila kuitoa.

Baadaye nilichukua kadi yangu ya bima ya kazini, na bima ya hospitali ya mama yangu Mombasa, nikauliza. Zote mbili zilikuwa nzuri kwa kazi yake, na hakuna hata moja iliyolipia mikono ya kumwinua mtu. Bima kama ya Bi Mkubwa sikuipata ya kumkatia mama; nilipoipata moja ya kufanana, umri wake ulikuwa umepita. Basi mimi na ndugu zangu tukafungua mfuko wa matunzo yake angali mzima, akijua, na yeye mwenyewe akasema ni nani angependa amwogeshe. Alimchagua binti wa mdogo wangu, na hatukubishana, kwa sababu alisema mwenyewe. Na mimi nikajikatia yangu, kwa kuwa mzima ndiye anayekubaliwa. Ukishaugua mlango umefungwa.

Nawe usiogope. Huhitaji kuelewa faili zima. Kesho, saa za ofisi, chukua karatasi ya bima uliyonayo, yako au ya mzazi wako, uwapigie simu walioiuza. Waulize swali hili moja: "Siku mwenye bima asipoweza kuoga na kuvaa mwenyewe, mtamlipia mtu wa kumwogesha na kumvisha, kwa muda gani?" Andika jibu lao, tarehe, na cheo cha aliyekujibu, kisha msomee mzazi wako.